Wapangaji wa Shemeji

Shemeji yangu hana nyumba. Amepanga vyumba viwili ambavyo bati lake linavuja, na mimi nimepanga cha tatu, ukuta kwa ukuta, cherehani yangu nimeiweka dirishani. Lakini kiwandani anakofanya kazi wanamwita Mwenye Nyumba, kuanzia mlinzi wa geti mpaka meneja, na yeye huitika bila kinyongo. Mtu wa nje akisikia hudhani wanamcheka kwa umaskini wake. Utani upo, ila si huo.

Kiwanda ni cha gundi, ile ya mafundi seremala. Wanachemsha mifupa na vipande vya ngozi kwenye mapipa makubwa kutwa nzima mpaka viachie ute. Harufu yake sitajisumbua kuieleza. Zamani upepo ukigeukia kwetu, tulikuwa tunaanua nguo zikiwa bado mbichi, na mgeni akija unamwomba radhi kabla hajakaa. Kisha akaja mhandisi, msichana mpole wa miwani, akajenga nyuma ya kiwanda sanduku la matofali, kubwa kama chumba changu, akalijaza makaa. Si makaa ya kupikia. Ni punje ndogo nyeusi zilizotokana na vifuu vya nazi, zikachomwa kwa namna yake mpaka ndani zikabaki vitundu vitupu. Kwenye magunia yake yameandikwa makaa amilifu. Feni inavuta hewa yote ya chumba cha mapipa na kuipitisha humo kabla haijatoka nje.

Shemeji ndiye aliyepewa sanduku alitunze. Mhandisi alimweleza kwamba makaa peke yake hayafui dafu, maana yakishanyonya harufu yakajaa, kazi yake imekwisha, ni ya kutupa. Kinachofanya kazi ni vijidudu vinavyokaa kwenye vile vitundu. Harufu ikinasa kwenye makaa, vijidudu vinaila, nafasi inabaki wazi kwa harufu nyingine. Makaa ni mahali pa kukaa tu.

"Kwa hiyo hawa ni wapangaji," shemeji akasema.

Mhandisi akacheka, akasema ndiyo, mzee, ni wapangaji. Jina la Mwenye Nyumba likaanzia hapo.

Na aliwatunza kweli. Kabla ya sanduku alikuwa amejaribu mengi maishani na yote yalimshinda: duka, ufundi wa baiskeli, kufuga kuku ambao walikufa wote kabla ya kutaga. Sanduku halikumshinda. Asubuhi anawanyunyizia wapangaji maji ya uvuguvugu, kisha anazamisha mkono kwenye makaa mpaka kwenye kiwiko na kupapasa. Makaa yenye watu, anasema, yanateleza kama sufuria iliyooshwa bila sabuni. Makaa matupu yanakwaruza. Akirudi nyumbani anatupa habari zao kana kwamba tunawafahamu. Leo wamekula vizuri. Jumatatu wameamka na njaa, kwa sababu Jumapili mapipa hayawashwi. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, humwuliza kodi wanalipa lini, na yeye hujibu kwamba wapangaji wa aina hii wakila ndiyo wamelipa.

Alikuwa na kasoro moja tu: hasikii harufu. Wote wanaofanya kazi pale hawasikii, pua zimezoea, lakini yake ilikufa kabisa. Unaweza kumwekea samaki wa juzi mezani na mafuta ya waridi, asijue kipi ni kipi. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mlinzi wa harufu. Kulikuwa na kifaa cha kupimia, kilidumu kidogo kikaharibika, na meneja alikuwa anasema kingine kiko njiani. Nadhani kinakuja kwa miguu.

Basi shemeji akabuni njia yake. Kila jioni akifika mlangoni, kabla hajavua viatu, anainamisha shingo, na dada anainusa kola ya shati. Ndicho kilikuwa kipimo. Shati lililoshinda karibu na sanduku linabeba kile kilichotoka kwenye sanduku. Dada akisema "safi", shemeji anaingia ndani anapiga mluzi. Akisema "wamelala", anakunja uso, na kesho yake anaenda kuongeza maji au kupunguza, na mara zote anakuta kweli kuna kona imekauka au imelowa mno. Hata mhandisi alikuwa anamwuliza asubuhi, "Mama amesemaje?" na alikuwa hatanii. Mimi kutoka dirishani kwangu niliiona shingo ile ikiinama jioni baada ya jioni, na nakiri kwamba wakati mwingine nilikuwa nasimamisha cherehani ili nitazame. Mimi sijaolewa, na wanaume walionichumbia hakuna hata mmoja aliyenipa nafasi ya kumwambia ananuka.

Kisha kaka yake shemeji akafa. Ndiye aliyemlea, baba yao aliwaacha wadogo. Shemeji akaomba ruhusa, akaenda kumzika, na aliporudi alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Hakuwa analia. Alikuwa anakaa tu na bakuli la chakula mkononi mpaka kinapoa, dada anamwambia kula, anasema ehe, na hakigusi.

Huko kiwandani wenzake walikuwa wamemfikiria. Watu wa mapipa, wanaume wazito ambao kutoa pole hawajui, walishauriana wakasema huyu mwenzetu amefiwa, tumfanyie jambo la kumtia moyo. Wakamsafishia sanduku. Walisugua kuta zake mpaka matofali yakarudi rangi yake, na juu ya makaa wakamwaga klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, ndoo baada ya ndoo, ili akirudi akute mahali pake panang'aa. Alipofika wakampeleka kuona, wamesimama nyuma yake wamefunga mikono. Aliwashika mikono mmoja mmoja. Wala hakuuliza walisafisha na nini, maana mtu aliyefanyiwa wema na yuko kwenye majonzi haulizi maswali ya namna hiyo.

Jioni ile alirudi nyumbani, akainamisha shingo mlangoni. Dada akanusa. Mimi nilikuwa dirishani na sikuhitaji kunusa kola ya mtu, harufu ilikuwa imeshavuka ukuta na kukaa kwenye kitambaa nilichokuwa nashona. Mifupa mitupu. Dada aliinua uso, akamtazama mumewe yale macho yaliyomwingia ndani, akasema, "Safi."

Nilimvaa pale kwenye karo akiwa anaosha vyombo.

"Dada, shati lile linanuka mpaka kwangu."

"Najua."

"Sasa mbona umemdanganya?"

"Amezika juzi. Nimwambie na wapangaji wake wamekufa? Mwache wiki hii apumue."

"Na wiki ikiisha utamwambiaje?"

Akanitupia jicho, akaendelea kuosha. Dada yangu ni mkubwa kwangu na akishanyamaza namna ile, basi, mjadala umefungwa.

Wiki ikaisha na hakumwambia. Angeanzia wapi? Akisema leo inanuka, shemeji atauliza tangu lini. Kwa hiyo kila jioni shingo inainama, dada anasema safi, na kila jioni sauti yake inazidi kuwa ndogo. Kilichonikata maini ni kwamba shemeji mwenyewe alikuwa ameanza kuhisi. Nilimsikia siku moja wakiwa mezani.

"Makaa yananikwaruza," alisema. "Juu pale pote yanakwaruza. Mkono wangu unaniambia wapangaji wamehama."

Nikasikia dada akikwangua sufuria.

"Lakini pua yako inasema wapo. Mimi nakusikiliza wewe. Labda mkono umechoka."

Nilitamani kupiga ule ukuta. Nilijiuma ulimi, kwa sababu ndoa si yangu, na kwa sababu dada alikuwa ameniapisha nisiseme.

Mtaa lakini haukuwa na ndoa ya kulinda. Watu walianza kuanua nguo tena. Mwalimu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara akawa anafunga madirisha, watoto wanashinda wanatoka jasho. Aliyeumia zaidi ni muuza maziwa, mama mmoja mjane mwenye kibanda karibu kabisa na ukuta wa kiwanda. Maziwa yanabeba harufu haraka, wateja wakinusa chupa wanairudisha, na yeye ana vinywa vinne vya kulisha. Mama yule alikuja mara mbili kumsemesha shemeji, kwa heshima kabisa, na shemeji akamjibu kwa heshima vilevile kwamba haiwezekani, sanduku liko sawa, limepimwa jana jioni. Mama akaondoka amemwona ni mwongo. Shemeji akabaki amemwona mama ana chuki na kiwanda.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao kwenye ukumbi wa shule. Habari ilikuwa imeshaenea: wakazi wakithibitisha harufu imerudi, watapeleka madai mbele, na meneja alikuwa amekwisha sema wazi kwamba ikifika huko, kazi ya kuchemsha itahamishiwa mbali na mji, sanduku litabomolewa. Shemeji na sanduku lake wangekuwa historia. Alijua hivyo. Alivaa shati alilovaa msibani, maana ndilo zuri alilonalo.

Kikao kilikuwa na kelele za kawaida. Meneja akaongea kirefu, akasema kifaa kiko njiani, watu wakaguna. Muuza maziwa akasimama na chupa yake, akasema yeye hana hotuba, anayetaka anuse. Chupa ikazungushwa. Ndipo shemeji akaomba ruhusa ya kuongea. Mtu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe aliongea maneno ambayo hayazidi vidole vya mkono.

"Mimi ndiye natunza lile sanduku," alisema. "Pua yangu ni mbovu, sifichi. Lakini kila jioni mke wangu ananipima. Huyu mwanamke tumeishi naye miaka, hajawahi kunidanganya hata kwa jambo dogo. Angekuwa amesikia harufu angeniambia. Anayesema sanduku langu linanuka, anasema mke wangu ni mwongo."

Akakaa. Muuza maziwa, bila hila yoyote, akasema, "Basi si yupo hapa? Tumwulize mwenye pua."

Vichwa vikatugeukia. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa dada na niliona mikono yake imeshika upande wa kiti kama mtu anayevushwa mto. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Mama, unasikia harufu au husikii?"

Angeweza kusema hasikii. Namjua muuza maziwa, angelia akaenda zake, na kikao kingeendelea kuvutana mpaka watu wachoke. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe bila wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Dada akasimama. "Inanuka," alisema. "Imenuka tangu wiki aliyorudi msibani. Nilisikia siku ya kwanza. Nilimwambia safi kwa sababu nilimwonea huruma. Huyu mama hasemi uongo. Mume wangu naye hasemi uongo. Mwongo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Shemeji hakusogea. Uso wake ulishuka polepole, kama wa mtu anayerudia hesabu na kila akirudia inatoka ileile. Mwenyekiti akakohoa, akauliza watu wanaonaje. Muuza maziwa, yeye yule, akasema mradi sasa wamesikia ukweli, watu wa kiwanda wapewe mpaka mwisho wa mwezi warekebishe, yeye atavumilia. Mwisho wa mwezi ikiwa bado inanuka, basi kiwanda kihame. Watu wakakubali.

Shemeji hakurudi nyumbani nasi. Alienda moja kwa moja kwenye sanduku na mhandisi wakafukua. Juu, makaa yote yalikuwa yanakwaruza, hakuna mpangaji. Wakaita watu wa mapipa, na hapo ndipo ilipojulikana habari ya klorini. Wale wanaume walisimama wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja kioo. Mhandisi akashusha miwani, akafikiri, akasema chimbeni mpaka chini, kwa sababu makaa haya yanaimaliza klorini nguvu inapoyapitia, huenda haikufika kwenye sakafu. Shemeji akaingia mwenyewe ndani ya sanduku, akachimba kwa mikono. Karibu na sakafu vidole vikateleza. Kuna familia chache zilikuwa zimebaki kule chini.

Mpango ukawa huo: kuchukua makaa hai ya chini na kuyachanganya na yale ya juu yaliyokwisha suuzwa kwa maji matupu, kidogo kidogo, na kupunguza mapipa yanayochemshwa ili hao waliobaki wapate chakula cha kuwatosha bila kuzidiwa, wazaane, wajaze vyumba vilivyo wazi. Wenzake walibeba ndoo pamoja naye bila kuambiwa. Aliwasamehe palepale. Mmoja alipotaka kuomba radhi kwa mara ya pili, alimwambia aache, alete ndoo.

Dada hakusamehewa. Shemeji hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Ila akirudi anavua shati uani, analifua mwenyewe, anapita mlangoni shingo imenyooka. Chakula anakula. Akiulizwa anajibu. Dada alivumilia mpaka siku moja akamwambia, mimi nikiwa nasikia, "Watu wa mapipa ndio waliowaua. Mbona wao umewasamehe?"

"Wao hawakujua," shemeji alisema. "Wewe ulijua. Mkono wangu uliniambia na mimi nikaukatalia kwa ajili yako."

Dada alikonda. Alikuwa anakuja kukaa chumbani kwangu akipanga vitambaa vyangu ambavyo havikuhitaji kupangwa, na mimi nikamwachia avipange.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Jioni moja, kesho yake wakazi ndiyo wanakwenda kusimama mbele ya sanduku na kunusa, shemeji akaja dirishani kwangu. Shati hakuwa amelivua. Alikuwa mweusi kwa vumbi la makaa mpaka kwenye kope.

"Shemeji," alisema, "ninuse."

Yaani nilipandwa na hasira ambayo nilikuwa nimeiweka tangu siku ya karo. "Nenda zako," nilimwambia. "Pua yangu siiazimishi. Mwenye kazi hiyo yupo ndani, anakata vitunguu wala hahitaji vitunguu kulia."

"Akiniambia safi, nitajuaje?"

"Sijui utajuaje. Kamwulize."

Alisimama pale akichezea kifungo. Nikaendesha cherehani kwa nguvu ili ajue nimemaliza. Mwishowe nikasikia hatua zake, na kwa kweli cherehani ilikuwa inashona hewa tu, kwa sababu shingo yangu yote ilikuwa nje ya dirisha.

Alisimama mlangoni. Hakuita. Dada akageuka, kisu mkononi, akamwona. Shemeji akainamisha shingo, si kama zamani, kidogo tu, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi asiouzoea. Dada akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaja. Alinusa kola mbele, akanusa nyuma ya sikio, akanusa mkono wa shati. Alichukua muda mrefu kuliko siku zote.

"Unanuka," alisema.

Niliona mabega ya shemeji yakianguka. "Sana?"

"Sana. Jasho. Unanuka jasho la mtu ambaye hajaoga tangu jana, na kwapa la kushoto ndiyo usiseme." Sauti yake safari hii hakuipunguza. "Mifupa sisikii. Nimeitafuta, sijaiona. Ila upande huu wa kulia, hapa begani, kuna kaharufu kadogo. Kuna kona mmeisahau."

Shemeji akafikiri. "Kulia nimeegemea kona ya feni," alisema. "Kweli. Pale hatujachanganya."

Akageuka kana kwamba anarudi kiwandani dakika ileile, kisha akasita. Akarudisha shingo mahali ilipokuwa, chini ya pua ya mkewe, akaiacha hapo.

"Nusa tena," alisema. "Nitaenda, lakini nusa tena."